Kwaya ya Darasa la Kwanza

Ijumaa hii, tarehe thelathini, mwalimu wetu wa darasa la kwanza anastaafu baada ya kuitumikia shule kwa miaka thelathini na minne. Miaka yote hiyo ameimalizia katika chumba kimoja, kile cha mwisho karibu na matangi ya maji, chenye madawati mafupi ambayo mtu mzima akiyakalia magoti humfika kidevuni. Walimu wakuu wamekuja na kuondoka, paa limeezuliwa na kuezekwa upya, na yeye alibaki pale pale na chaki yake. Watoto wanamwita Bibi Mmm. Sababu mtaisikia.

Kabla sijaenda mbali, kuna jambo la kuwaeleza ninyi mliokaa ukumbini. Wasifu huu nimeuandika mimi, mwalimu wa darasa la nne, lakini siusomi mimi. Anayewasomea ni fundi cherehani wa pale mkabala na geti, aliyewashonea sare nusu ya watoto wenu. Hakuuona mpaka alipokabidhiwa sasa hivi mbele yenu, na aliyekataa kupewa mapema ni yeye mwenyewe. "Ukinipa mapema nitakariri," aliniambia, "na mimi kukariri nimeshakariri vya kutosha." Ndiyo maana vijitabu vyenu vitagawiwa baadaye. Nawajua. Mngekuwa navyo mkononi mngeanza kumsaidia, na kama mtakavyosikia, msaada wa namna hiyo ndio uliotufikisha hapa. Swali la leo ni moja tu: je, atafika mwisho? Fundi, vuta pumzi, tunaendelea.

Nianze na aibu yangu, ambayo ni ndogo. Mwalimu mkuu aliponipa kazi hii nilisema sawa, nikaenda kwenye kompyuta ya ofisi, nikafungua wasifu wa mstaafu aliyetangulia, mwalimu wa hesabu, nikabadilisha miaka na darasa. Mchapakazi, ndiyo. Mwadilifu, ndiyo. Kioo cha jamii, ndiyo. Nikachapa, nikampelekea mwalimu aupitie, kwa adabu. Aliusoma taratibu, kidole chini ya mstari, kama anavyowafundisha watoto wake. Kisha akaniuliza, bila kucheka, ni lini hasa aliwahi kufuga masharubu. Nilikuwa nimeiacha ile sentensi isemayo kwamba mstaafu atakumbukwa kwa masharubu yake yaliyochongwa vizuri na kwa ucheshi wake vikaoni. Nilitamani sakafu ipasuke inimeze.

"Hii umeikariri," akasema, akanirudishia karatasi. "Andika ile ya kweli. Na siku ya mkaguzi usiiruke." Nikamwambia, mwalimu wangu, siku ya kuagwa mtu hatajwi aibu zake, hutajwa sifa. Akanijibu kwamba kama siku ile haitatajwa, yeye haji, na keki tutaila wenyewe. Basi. Mwenye shughuli ndiye aliyeamua, na mimi niliyeandika ndiye ninayeona haya kuliko yeye.

Alikuja hapa akiwa binti mwembamba mwenye sauti nzuri na viatu vyenye visigino, ambavyo kokoto za uwanjani zilivimaliza wiki ya kwanza. Alipewa darasa la kwanza kwa sababu hakuna mwingine aliyelitaka. Watoto wanalia, wanapoteza penseli, wanajikojolea, na wote wanataka kusema kwa pamoja. Yeye akaligeuza lile la mwisho kuwa njia ya kufundishia. Alisoma sentensi moja, darasa likaitikia. Akasoma nyingine, likaitikia. "Baba ana kuku. Kuku ana vifaranga. Vifaranga wanakula punje." Ikifika katikati ya mwaka, kitabu chote kinatoka kuanzia jalada hadi jalada, vidole vikitembea chini ya maneno, bila kosa hata moja.

Sifa zikaenea. Mgeni yeyote aliyefika shuleni alipelekwa kwanza chumba cha karibu na matangi, hata kama alikuja kutengeneza bomba. Wazazi walisimama madirishani wakifuta machozi. Shule ikashinda kikombe cha mashindano ya kusoma, kile kikubwa kilichopo kabatini kwa mwalimu mkuu, na walimu wenzake wakamwita Mwalimu Kwaya, kwa heshima kabisa. Ilikuwa kilemba cha ukoka, lakini aliyevikwa hakujua na waliomvika nao hawakujua. Alifundisha kama alivyofundishwa. Na walikuwepo watoto walioshika kusoma kwa njia hiyo hiyo, kwa akili zao wenyewe, maana wapo watoto ambao hata ukiwafundisha vibaya watasoma tu. Hao ndio waliomdanganya.

Hali ikawa hivyo kwa miaka minane, mpaka siku ya mkaguzi.

Mkaguzi alikuwa mzee mpole mwenye miwani na mkoba wa ngozi. Aliisikiliza kwaya ukurasa baada ya ukurasa, akitikisa kichwa kama mtu aliyeridhika. Kisha akaomba mtoto mmoja asome peke yake. Mwalimu akamchagua yule aliyemwamini kuliko wote, msichana wa dawati la mbele mwenye mwandiko ambao hata walimu waliuonea wivu. Chochote ulichoandika ubaoni, yeye alikinakili kama kimepigwa chapa. Mkaguzi akampa kitabu kilichokuwa mezani. Siku hizo vitabu vya darasa la kwanza na vya la pili vilikuwa na jalada moja la bluu, na kile kilikuwa cha la pili. Kama alikosea au alikusudia, hatutajua kamwe.

Ukurasa uliofunguliwa ulikuwa wa fundi viatu na gundi yake. Msichana akasimama, akaweka kidole chini ya neno la kwanza, akasoma kwa sauti safi: "Baba ana kuku." Kidole kilipita juu ya gundi, juu ya misumari, juu ya picha ya kiatu kisicho na mwenzake, na mdomo unasema vifaranga. Alipositasita kidogo, darasa zima likamsaidia, maana ndivyo walivyofundishwa, mwenzako akikwama mwitikie. Mkaguzi akanyoosha mkono, akamfungia kitabu taratibu. Kidole kikaendelea juu ya jalada la bluu mpaka punje za mwisho. Msichana akakaa. Darasa likapiga makofi, na aliyeanza kupiga alikuwa mwalimu.

Mkaguzi hakumkaripia mtu. Alifunga mkoba wake, na alipofika mlangoni akasema tu, "Wanaimba vizuri, mwalimu." Makofi yalikuwa bado hayajaisha.

Fundi, najua umefika hapa. Kuna glasi ya maji mbele yako, kunywa. Msichana yule ni wewe, na wewe ndiye uliyesema niandike. Mficha uchi hazai, uliniambia, ukaendelea kukata kola kana kwamba tunazungumzia mtu mwingine.

Mwalimu alitoka darasani akaingia stoo, akakaa juu ya dawati lililovunjika mguu, na hakutoka mpaka kengele ya kwenda nyumbani. Alifikiria kuacha kazi. Alifikiria kuomba kazi ya masjala, ambako karatasi haziitikii. Lakini kilichomuuma zaidi hakikutokea siku ile, kilitokea kesho yake. Alikuwa anakatiza uwanja, na yule msichana akamwona, akamjia mbio kumwamkia kama kawaida. Mwalimu akageuka, akazunguka nyuma ya jiko la shule, akasubiri kule katikati ya moshi na masufuria mpaka mtoto alipokata tamaa.

Akafanya hivyo tena wiki iliyofuata. Akafanya hivyo mwaka uliofuata, mtoto alipokuwa ameshapanda darasa. Alijua kwamba kila akimwangalia usoni ataona kile kidole kinatembea juu ya jalada, na hakuweza. "Nilimwogopa mtoto wa miaka saba," aliniambia, akiwa ameshika mapajani vile vizibo vya soda anavyofundishia, na sauti ile nzuri inayosikika hadi getini haikufika hata upande wa pili wa meza. Hatimaye msichana akaacha kumjia. Alipanda madarasa kwa mwandiko wake mzuri na kwa kuitikia wenzake, mpaka darasa la tano, ambako vitabu vilikuwa virefu mno kukaririka. Hapo akaacha shule. Hakuna aliyemfukuza. Alichoka kujificha.

Sasa ndipo niseme alichofanya mwalimu kwa watoto waliofuata, maana kama hadithi ingeishia jikoni, tusingekuwa na sherehe. Likizo iliyofuata ujio wa mkaguzi alikwenda kwenye semina ya kufundisha kusoma kwa sauti za herufi. Alikaa mstari wa mbele kati ya walimu wapya waliokuwa bado wananukia chuo, na alipoulizwa ana uzoefu gani akasema hana. Akarudi na mfuko wa vizibo vya soda, kila kimoja kimeandikwa herufi kwa rangi ya kucha.

Muhula ulipofunguliwa, shule nzima ilidhani amepata wazimu. Kwaya ilinyamaza. Badala yake chumba cha karibu na matangi kikaanza kutoa mlio mmoja, mrefu, mdomo umefumbwa: mmm. Wiki nzima mmm. Fundi, hapo usione haya, toa sauti, nao wataipata. Baada ya mmm ikaja aaa, kisha sss, na siku ile ya sss mlinzi wa geti alikuja mbio na rungu, akapiga teke mlango, akauliza nyoka yuko wapi. Watoto wakamwonyesha ubaoni.

Alichokuwa akiwaeleza ni jambo rahisi ambalo wengi wetu tulifundishwa kinyume. Herufi ina jina na ina sauti. Jina ni la kuitia, sauti ndiyo ya kusomea. "Ng'ombe jina lake ng'ombe," huwaambia, "lakini umewahi kumsikia akisema 'ng'ombe'? Anasema mmm." Na sauti lazima iwe safi. Mtoto akionyeshwa m akasema "ma" au "mu", anaambiwa, "Hiyo ina mkia. Kata mkia." Anarudia midomo imefumbwa, mmm, bila kitu nyuma. Kisha kizibo cha m kinasukumwa polepole kuelekea kizibo cha a, na sauti nazo zinasogeleana, mmm, aaa, mpaka vizibo vinagongana na mtoto anasema "ma" na kushtuka, kana kwamba kuna mtu mwingine aliyesema. Ukikaa nyuma ya darasa lile siku vizibo vinapogongana kwa mara ya kwanza, utaona mtoto anatazama chini ya dawati kutafuta hilo "ma" limetoka wapi.

Mkia ukawa msemo wa shule. Hata vikaoni, mjumbe akirefusha hotuba, utasikia mtu wa nyuma anasema kata mkia. Mwenyekiti wa kamati ya shule, ambaye yuko hapa leo, anajua ninachokisema.

Kusoma kwa pamoja akakupiga marufuku. Mtoto akikwama, wenzake walitakiwa wafunge midomo na kusubiri, na kusubiri huko kulikuwa kugumu kuliko hesabu. Siku za kwanza wazazi walilalamika. Watoto wa jirani wanasoma kitabu kizima, wa kwetu wanalia kama ndama. Mwalimu mkuu wa wakati huo alimwita akamwuliza kwa upole kikombe cha mwaka ule kitapatikanaje. Hakikupatikana. Hakijapatikana tena hadi leo, na kile kilichopo kabatini yeye mwenyewe ameshaomba mara nyingi kifichwe, maana kila akiingia ofisini kinamtazama.

Ila kabla mwaka haujaisha, watoto wake walikuwa wanasoma wasichowahi kusomewa. Walisoma pakiti za chumvi. Walisoma maandishi ya matangi. Mmoja alisoma kwa sauti, mbele ya wageni, yaliyoandikwa kwenye ukuta wa choo cha walimu, na ukuta ukapakwa rangi jioni ile ile.

Kila Ijumaa aliwapima kwa namna yake. Aliandika ubaoni maneno matatu yasiyokuwepo duniani, maneno ambayo hakuna mama aliyewahi kuyasema wala redio kuyatangaza, na mtoto mmoja mmoja akayasoma. "Neno la kweli unaweza kulibahatisha," alisema. "La uongo lazima ulisome." Mojawapo lilikuwa "lufimo". Watoto wakalipenda, wakaamua lufimo ni kile kipande cha chaki kinachobaki kidogo hadi hakishikiki, na mpaka leo ofisini kwetu mtu anaweza kukuomba lufimo ukampa. Siku alipolisikia kwa walimu, alilifuta kwenye orodha yake. Lilikuwa limeshakuwa neno, halikumfaa tena.

Hivyo ndivyo alivyojenga jina upya. Walimu wa shule nyingine huja kukaa kwenye madawati yake mafupi na kuondoka wamekunjamana. Madaktari wawili, rubani mmoja na mwalimu mkuu wetu wa sasa walikatia mikia kwake. Ninayaandika haya kwa furaha, na najua yeye hapo alipokaa anakunja uso, kwa sababu kila anaposifiwa kwa waliofuata anawakumbuka waliotangulia.

Mwaka jana mwanzoni ilikuwa siku ya wazazi. Mwalimu ana mchezo wake siku hiyo, mzazi na mtoto wanasimama mbele na kusoma pamoja maneno ya Ijumaa. Wazazi hucheka, hutania, mmoja alisema neno lile linafanana na jina la mkwewe. Ikafika zamu ya mama mmoja na binti yake. Mama alikuwa fundi, aliyerudi mjini miaka michache kabla na kufungua kibanda mkabala na geti. Akapapasa mkoba, akasema, "Miwani nimeisahau nyumbani, mwalimu. Soma tu mwenyewe, mwanangu." Mtoto akasema, kwa ukweli wa watoto usio na breki, "Mama, wewe huna miwani."

Watu walicheka. Mwalimu hakucheka. Aliutazama mkono wa yule mama uliokuwa umetangulia kwenye ubao, kidole kimewekwa chini ya neno la kwanza, sawasawa, tayari kutembea. Kidole hicho alikifahamu. Akasema zamu inayofuata, haraka, na mama akarudi kiti cha nyuma uso umemshuka, akaondoka kabla ya chai.

Ninajua mnachofikiria. Kwamba safari hii alimfuata. Hakumfuata. Kwa siku kadhaa alitoka shuleni kwa geti la nyuma, mwanamke mzima mwenye wajukuu, akipita kwenye tope ili asipite mbele ya kibanda. Ni harufu ya moshi wa jiko iliyomwumbua. Geti la nyuma linapita pale pale nyuma ya jiko, na siku moja akajikuta amesimama mahali palepale, kati ya masufuria, anamkimbia mtu yule yule. Aliniambia kwamba alijionea aibu hadi masikio yakamwaka moto. Akageuza, akakatiza uwanja.

Kibanda kile kina cherehani mbili, kioo chenye ufa na ukuta uliojaa pini. Kila pini imeshika kipande kidogo cha kitambaa cha mteja, na nyuma ya kipande kuna vipimo vyake kwa tarakimu nzuri. Majina hakuna. Wateja tulidhani ni mtindo wa kisasa. Mwalimu aliingia akiwa na maneno ya kuomba radhi aliyoyapanga tangu jana yake, ameyakariri neno kwa neno, na hakupata nafasi ya kuyasema. Fundi alimwona, akasimama, kitambaa kikamwanguka miguuni.

"Shikamoo, mwalimu," akasema. "Nisamehe kwa siku ile ya mkaguzi. Nilikutia aibu."

Miaka yote ile alidhani kosa lilikuwa lake. Alidhani mwalimu alizunguka nyuma ya jiko kwa hasira. Alijifunza ushonaji kwa kutazama, akaolewa, akazaa, akafiwa, na katika yote hayo alibeba kwamba kulikuwa na siku moja alipomwangusha mwalimu aliyempenda kuliko watu wote. Kila mmoja alikuwa anamwonea haya mwenzake, na hakuna aliyejua.

Hotuba ya mwalimu ikapotea. Alilia, na alipomaliza kulia hakukumbuka hata sentensi moja, akasema kitu cha kwanza kilichomjia. "Nipime gauni, mwanangu."

Sisi ofisini tuliona tu kwamba mwalimu anashonesha gauni na haliishi. Kila siku baada ya kengele anakwenda kupima. Leo mabega hayakukaa, kesho kiuno kimepwaya, keshokutwa zipu. Gauni la kijani, kitambaa cha kawaida. Miezi ikapita. Karani wa shule akaanza kunong'ona kwamba hakuna mwanamke anayepima gauni namna hiyo bila sababu, na akaulizia kimyakimya nani ataongoza kamati ya harusi. Mimi nilijitolea kuwa mshereheshaji.

Ukweli ni kwamba fundi alikubali kufundishwa kwa sharti moja, asijue mtu, hata binti yake. Mteja alipoingia, mwalimu alinyanyua mikono na fundi akampima kifua upya. Mteja akitoka, mikono inashuka na vifungo vyenye herufi vinatandazwa mezani, maana vizibo vingewaumbua. Mmm, aaa. Mwanamke mzima, mama wa mtu, anakata mkia kwa sauti ya chini huku cherehani moja ikizungushwa bure ili watu wa nje wasisikie. Mara mbili alisema inatosha, akili yake imeshakauka. Mara zote mbili mwalimu alirudi kesho yake na kusema gauni linambana.

Sare za shule yetu zina sweta, na mfukoni mwa sweta kuna wito wa shule uliodariziwa. Fundi alikuwa ameudarizi mamia ya mara, anafuata maumbo kama mtu anayedarizi maua. Alasiri moja sindano ilikuwa katikati ya mfuko alipoisimamisha cherehani ghafla. Akaweka kidole. Sss, ooo. So. Mmm, aaa. Ma. "Soma." Akaendelea na neno la pili, polepole, likamtoka: "Uelewe." Aliacha kushona. Alisema hakufurahi, siku hiyo, kama tunavyodhani mtu angefurahi. Alizitazama sweta zilizopangwa mezani, na akazionea haya kana kwamba ni watu, kwa kuwa zilikuwa zimemwambia muda wote na yeye hakusikia. Furaha ilikuja baadaye, wakati binti yake alipokosea neno kitabuni na mama akamwambia, bila kuinua macho kutoka kwenye pasi, "Hiyo ina mkia."

Gauni likaisha. Ndilo hilo alilovaa mwalimu leo. Akisimama mtaliona, limekaa vizuri kuliko gauni lolote mjini, na halina budi, maana hakuna aliyewahi kupimwa mara nyingi hivyo.

Mwalimu haombi kusamehewa leo. Fundi alishamsamehe, naye akamkatalia, akasema msamaha wa mmoja hauwatoshi wote. Ile kwaya ilikuwa na watoto wengi na miaka minane. Wengine wamo humu ukumbini, wazazi sasa, na vijitabu vikigawiwa watasema miwani wameisahau. Mwalimu amenituma niwaambie hivi: anastaafu kazi, hastaafu wao. Baraza la nyumba yake litakuwa na meza na mfuko wa vizibo kila alasiri. Mtu akiuliza mnakwenda wapi, semeni mnakwenda kupima gauni. Wanaume nao waseme hivyo hivyo, watu watatutania, haitatuua.

Tunamshukuru kwa watoto wote aliowafundisha kusoma. Tunamshukuru pia kwa kukataa wasifu wenye masharubu, ingawa mimi binafsi bado naona haya.

Na kwa kuwa leo ni Ijumaa, hatumalizi bila maneno ya Ijumaa. Nimeyatunga asubuhi hii, yapo kwenye karatasi ya fundi peke yake. Mwalimu hajayaona, kwa macho wala ndotoni. Mwalimu, tafadhali kaa ulipo na usimsogezee midomo. Wote mliobaki, mwenzenu akikwama, subirini. Fundi, weka kidole.

Dopelu. Shagemi. Ng'ovazu.

Aya hii niliiandika bila kujua kama itafikiwa. Kama mnaisikia, basi imefikiwa. Maneno yale matatu hayajawahi kutamkwa na mtu yeyote mpaka dakika hii, kwa hiyo hapakuwa na cha kukariri wala na wa kumwitikia. Kayasoma.

Mwalimu, tunakutakia pumziko jema, afya njema, na baraza lisilokosa wageni. Makofi ya siku ile ya mkaguzi ulianza wewe, na umeyajutia tangu hapo. Ya leo pia, tafadhali, anza wewe.